Nyama Iliyosubiri Amani

Mwezi uliopita tulimzika Mama Raheli huko Kilosa, na nimerudi nyumbani na kinyaa ambacho hata chai ya tangawizi imeshindwa kukitoa. Sisemi hivi kwa kumchukia marehemu. Amekufa mzee sana, kitandani kwake, wajukuu wamemshika mkono, na mimi mwenyewe nilipeleka mchele na kuni kama mfiwa yeyote. Kilichonichefua ni sifa. Walisimama wasemaji wanne, mmoja baada ya mwingine, na wote wakasema kwamba mama huyu maishani mwake hakuwahi kuamua jambo, dogo wala kubwa, bila kusubiri amani kutoka juu. Watu wakaitikia amina. Mchungaji, kijana ambaye ningeweza kuwa bibi yake, akatuhimiza tumuige. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na kina mama wenzangu, sahani ya pilau mbele yangu, pande la nyama limekaa juu ya wali linang'aa mafuta. Nikalisogeza kwa jirani yangu. Akaniuliza kama nina vidonda vya tumbo, nikamwambia ndiyo, maana ilikuwa rahisi kuliko kumsimulia mwaka mzima.

Mwaka wenyewe ni ule ambao watu walikuwa wanahamishwa kutoka milimani na mabondeni kupelekwa kwenye vijiji vipya, na redio inaimba kujitegemea kuanzia asubuhi hadi jioni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilifika Mikumi kwa garimoshi kutoka Kilosa, nina sanduku la bati na barua ya kunitambulisha, nikapokewa kwenye nyumba ambayo watu waliiita tu Nyumba ya Kina Mama. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na ukumbi, na nyuma yake jiko la miti na ghala dogo lisilo na dirisha. Tulikuwa wanawake wanane: Mama Raheli aliyeisimamia nyumba, msaidizi wake, na sisi sita tuliokuja kwa mwaka mmoja kujifunza kushona, kupika, kulea watoto na kusoma Neno. Tulikuwa na shamba letu la mahindi, ambalo nusu tulilima kwa ajili yetu na nusu kwa ajili ya nyani wa mbugani. Barabara kuu ya lami ilipita karibu, na usingizini tulisikia malori yakinguruma kuelekea Iringa. Mimi nilipewa jiko, kwa sababu nilikuwa nimewahi kupika kwenye bweni la shule na niliweza kukadiria chumvi ya sufuria kubwa bila kuonja.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja. Kila jambo linawekwa mezani. Maana yake ni kwamba jioni, baada ya sala, tulikaa kuizunguka meza ya mninga iliyokuwa ukumbini, Mama Raheli akalitaja jambo, tukainamisha vichwa, kisha kila mmoja akasema "nina amani" au "sina amani". Akipatikana mmoja asiye na amani, jambo linasubiri. Lazima niseme ukweli kwamba miezi ya kwanza niliipenda meza ile kupita kiasi. Kabla ya hapo sikuwahi kuulizwa na mtu kama nina amani na chochote. Mama Raheli alikuwa na sauti ya upole, anakuita "mwanangu" hata akikukemea, na akikutazama wakati wa kusema neno lako ulijiona mtu mkubwa. Lakini taratibu kila kitu kikahamia mezani. Tuliweka mezani kama tununue mafuta ya taa Mikumi au tungoje mtu aende Kilosa. Tuliweka mezani nywele, kama tusuke au tufunge vitambaa. Paa la chumba chetu lilipovuja, fundi alipatikana siku ile ile, ila dada Yudithi, aliyekuwa msaidizi wa Mama Raheli, alikosa amani kwa kuwa fundi alivuta sigara. Wiki tatu tulihamisha vitanda usiku kukwepa matone. Fundi akachoka, akaenda zake kujenga kijiji kipya, na Mama Raheli akatuambia kwamba Bwana alikuwa anatufundisha uvumilivu. Mimi nikaitikia amina, shuka yangu imelowa.

Chumba hicho nililala na Perusi. Alinizidi miaka mitano hivi, nami nilimwita dada. Alitoka Kidete, mume wake alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa, na aliruhusiwa kuja na binti yake Eliza, mtoto wa miaka mitatu mwenye mashavu ya kushiba ambaye alishinda jikoni kwangu akidai maganda ya viazi. Perusi alikuwa mcheshi, mwepesi wa kazi, na alikuwa na upungufu mmoja ambao wengi hawakuujua. Hakusikia harufu. Aliugua akiwa mtoto, akapona, ila pua ikabaki pambo. Hakuweza kujua kama maziwa yamechacha au unga umevunda, wala kama mtoto amejikojolea. Kwa hiyo alikuwa na desturi ya kuniletea vitu puani. "Dama, hebu ninusie hii," angesema, na kikombe kiko tayari chini ya uso wangu. Nikisema kizuri, anampa mtoto. Nikisema kibaya, anamwaga. Hakuwahi kuliweka jambo hilo mezani, na mimi sikuwahi kufikiri kwamba lilihitaji kuwekwa.

Ijumaa moja asubuhi, msimu wa joto kali kabla ya masika, balozi wetu wa nyumba kumi alikuja anasukuma baiskeli yenye gunia nyuma. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akalitua gunia kwenye mlango wa jiko. Ndani yake kulikuwa na mguu mzima wa nyuma wa nyati.

"Lori limemgonga barabarani," akasema. "Wenye mamlaka ya wanyama wameruhusu wananchi tugawane. Sasa ndugu zetu Waislamu hawali, wanasema ni kibudu, hakuchinjwa. Nikasema basi hawa kina mama wa kanisa wapewe mguu mzima, wana kazi nzito ya shamba."

Nyumba nzima ilikuwa haijala nyama tangu sikukuu. Nilimshukuru balozi, nikanoa kisu papo hapo. Kazi niliijua: unachana nyama vipande virefu vyembamba, unatia chumvi, unavitundika juu ya moshi, na wiki mbili mbele una kitoweo. Nilikuwa nimeshakata ngozi ya kwanza Mama Raheli aliposimama mlangoni.

"Weka kisu chini, mwanangu. Hatujaliweka mezani."

Tukaliweka siku hiyo hiyo mchana. Swali lilikuwa kama muumini anaruhusiwa kula mnyama aliyekufa bila damu yake kumwagwa. Wengine walilelewa wakijua kwamba kibudu ni mwiko kwa Mkristo kama kwa Mwislamu, wengine walisema mambo hayo yameshapita. Wanne walikuwa na amani, wanne hawakuwa nayo. Mimi nilikuwa upande wa amani, na amani yangu, nisidanganye, ilitoka tumboni. Nikamwomba Mama Raheli basi aniruhusu niikaushe nyama wakati tunasubiri jibu, ili jibu likija la ndiyo tuikute salama, na likija la hapana tumpe balozi awape wengine. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto anayetaka kuvaa viatu upande upande.

"Ukiikausha umeshaamua," akasema. "Kitu ambacho Bwana hajakiruhusu huwezi kukitia chumvi."

Nimekuwa nikilitafuta jibu la maneno hayo zaidi ya miaka hamsini. Siku ile sikulitafuta. Niliunyanyua mguu ule na Perusi, tukautundika kwenye ghala lisilo na dirisha, nikafunga mlango.

Jumamosi saa nne asubuhi, ukisimama kwenye kamba ya kuanikia nguo ulisikia harufu. Saa sita ilikuwa imeingia ukumbini. Inzi wa kijani walijaa mlango wa ghala wakawa wanaingia na kutoka kwenye ufa, na nilipofungua kuangalia, nyama ilikuwa na utelezi juu yake na rangi fulani ya kijani inayong'aa upande wa mfupa. Nilifunga tena nikaenda kunawa mikono mara mbili, ingawa sikuwa nimegusa kitu. Siku hiyo ndiyo alipokuja Naishiye, mwanamke wa Kimaasai aliyetuletea maziwa kila baada ya siku moja. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipima maziwa, akachukua mahindi yake, akaondoka. Safari hii alisimama, akainua uso, akauliza, "Kuna nini kimekufa hapa?" Nikamfungulia ghala. Hakuingia hata ndani.

"Hii hata mbwa wangu simpi," akasema. "Fukieni. Chimbeni chini sana, fisi wasifukue."

Nilikwenda kumweleza Mama Raheli, Naishiye akiwa amesimama pale pale anasikia. Mama Raheli akajibu kwa ile sauti yake ya upole kwamba tunawapenda jirani zetu, lakini hatuwezi kuchukua shauri la nyumba ya Bwana kwa watu wasiomjua. Naishiye akacheka kidogo, akaomba kibuyu chake, akaenda zake. Nilisikia aibu mpaka masikioni. Mwanamke yule alizaliwa katikati ya ng'ombe, nyama aliijua kama mimi nilivyojua kufunga kitenge, na tulimfukuza kwa maneno matamu. Alasiri ile, nikiwa nafagia nyuma ya ukuta wa chumba cha wakubwa wetu, nilimsikia Mama Raheli akimwambia dada Yudithi maneno ambayo sikutakiwa kuyasikia. "Nikisema iliwe na ikawa mbaya, watasema Raheli. Nikisema itupwe, watasema Raheli amechezea baraka. Tukisubiri, hakuna wa kusemwa." Nilibaki na ufagio mkononi. Ndipo nilipojua amani yetu ilikuwa inatoka wapi, na badala ya kuingia ndani nikamwambia nimemsikia, niliendelea kufagia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wazee walishasema, na mimi nilikuwa naijua methali hiyo tangu nikiwa darasa la pili.

Jumapili baada ya ibada Mama Raheli akasimama uso umetulia, akasema alfajiri amepata amani kamili kwamba nyama ile ni riziki yetu. Akapita kwa kila mmoja. Nina amani. Nina amani. Nadhani wote walikuwa wamechoka, na wote walikuwa na njaa, na hakuna aliyetaka kuwa mtu wa mwisho kuzuia kitu ambacho mkubwa wetu ameshakipokea. Ilipofika zamu yangu nikasema nina amani. Harufu ilikuwa imejaa ukumbini wakati nasema.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo hakuna msemaji wa msibani aliyeijua. Niliikata nyama ile. Kisu kilikuwa kinateleza, na sehemu nyingine zilikuwa laini hadi zikaachana zenyewe. Niliiosha kwa maji ya majivu, kisha kwa chumvi, kisha kwa ndimu zote zilizokuwepo. Nikaichemsha, nikamwaga maji, nikaichemsha tena, nikamwaga tena, huku nimejifunga kanga puani na machozi yananitoka. Halafu nikakaanga vitunguu vingi, nikatia bizari ya siku kumi kwenye chungu kimoja, pilipili, nyanya, mpaka harufu ikakubali kujificha. Mchuzi ule ulikuwa na rangi nzuri. Ufundi wote niliofundishwa ili nilishe watu nikautumia kuwaficha watu walichokuwa wanakula. Na chakula kilipoandaliwa, nikamwendea Mama Raheli, nikainamisha kichwa, nikasema, "Mama, mimi leo nimefunga."

Alifurahi. Aliwaambia wengine watazame, kwamba Damari ana njaa kama sisi, amepika kwa mikono yake, na bado ameamua kufunga mbele ya chungu kilichojaa. Nikasimama pale nasifiwa. Kisha nikarudi jikoni, na Perusi akanifuata, ameshika sahani ya Eliza, mtoto anamvuta sketi. Akaniletea ile sahani chini ya uso wangu kama kawaida yake.

"Dama, ninusie. Nimpe mtoto?"

Jibu lilikuwa na neno moja. Usimpe. Lingenigharimu nini? Uso wa Mama Raheli kukunjamana, labda kurudishwa nyumbani na barua. Nilimtazama Perusi, nikasema, "Mama Raheli amepata amani."

"Haya," akasema, akainama kumlisha.

Jua lilikuwa halijatua dada Yudithi alipoanza kutapika. Hadi Jumatatu asubuhi wanawake saba walikuwa wamelala sakafuni, wengine ukumbini, wengine wamekwama njiani kwenda chooni, na nyumba ile iliyofagiliwa mara tatu kwa siku ilikuwa imechafuka kuta hadi milango. Mimi pekee nilikuwa na nguvu. Nilibeba ndoo, nilimwaga mchanga na majivu, niliwanawisha watu wazima kama watoto, na kila nilipoinama juu ya mmoja nilisikia bizari yangu. Eliza aliacha kulia saa mbili asubuhi. Macho yalikuwa yameingia ndani, na ukimfinya ngozi ya tumbo ilibaki imesimama. Perusi hakuweza hata kuinua kichwa. Nilimwambia Mama Raheli kwamba nampeleka mtoto zahanati. Naye, amelala kwenye mkeka wake, midomo imekauka, akanyoosha mkono akasema kwa taabu, "Tuliweke kwanza mezani, mwanangu."

Nilimfunga Eliza mgongoni kwa kanga, nikatoka nakimbia. Hiyo ndiyo mara ya kwanza mwaka ule kufanya jambo kabla ya kuulizwa kama nina amani, na sikuwa na amani hata chembe, na lilikuwa jambo sahihi lililochelewa siku tatu. Zahanati ilikuwa mwendo wa nusu saa. Mganga alimshusha mgongoni kwangu, akamwekea vidole shingoni, kisha akaniuliza mama yake yuko wapi.

Wengine wote walipona. Eliza tulimzika kando ya kanisa, balozi na watu wake wakachimba kaburi, na kwenye msiba kila mtu alisema ni mapenzi ya Bwana. Neno nyama halikutajwa. Wiki iliyofuata mezani Mama Raheli alishuhudia, machozi yakimtoka kweli, kwamba katika jaribu lile Bwana alionyesha wema wake, kwani alimfunulia Damari afunge ili abaki mtu mmoja wa kuwahudumia wengine. Wakaitikia amina. Ushuhuda huo ulizunguka makanisa ya Kilosa miaka mingi, na mwezi uliopita, msibani, msemaji wa tatu aliusimulia tena, bila kujua kwamba mpishi wa hadithi amekaa mkekani hatua kumi kutoka alipo. Nilinyamaza tena. Mungu hamfichi mnafiki, wanasema, ila mimi naona amenivumilia sana.

Mjukuu wangu ameniletea juzi habari kwamba hajarudisha fomu ya chuo cha uuguzi, anasubiri sauti ya nabii mmoja anayetuma maneno kwenye simu. Siku ya mwisho ilikuwa kesho yake. Nilimwuliza kama anataka kuwa muuguzi, akasema ndiyo. Nikamwuliza kama amefaulu masomo, akasema ndiyo. Nikamwambia achukue kalamu ajaze, na sala atasali njiani akiipeleka. Akanishangaa, maana mimi ndiye ninayefundisha wasichana kipaimara, alitegemea nimpigishe magoti. Mimi nasali kila siku, na sijaacha. Lakini Mungu alikuwa ameshanijibu Jumamosi ile saa nne asubuhi, alinijibu kupitia pua aliyonipa mwenyewe, akanijibu tena kwa kinywa cha mwuza maziwa. Nilichokuwa nakisubiri baada ya hapo ni mtu mwingine wa kubeba lawama. Tulikuwa wanawake wanane tunaongojeana nani awe wa kulaumiwa, na tukaupa uoga huo jina la Bwana. Nikiukumbuka nasikia kichefuchefu, na sehemu kubwa ya kichefuchefu hicho ni changu mwenyewe.

Perusi aliondoka baada ya siku arobaini. Nilimbebea sanduku hadi stesheni ya Mikumi, aende Kilosa, abadilishe garimoshi la kwenda Kidete. Alikuwa amekonda, kanga imemzidi. Tulipolitua sanduku, akakaa, akanisogezea nafasi nikae, kisha akauliza bila kunitazama.

"Dama, siku ile ulifunga kweli?"

"Hapana, dada."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyehesabu na kupata jibu lile lile alilolijua.

"Mimi siku ile sikumwuliza Mungu," akasema. "Wala Mama Raheli sikumwuliza. Nilikuuliza wewe."

Garimoshi lilikuwa limechelewa. Tulilingoja kwenye benchi moja zaidi ya saa mbili, na hakuniuliza kitu kingine.